Nani Abaki na Hadubini ya Itumba?

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akimalize sasa hivi, maana nikianza mimi hata saa ya ukutani husimama isikilize. Kuna watu watawaambia sikumaliza shule. Ni kweli, niliishia la sita, mwalimu akaniomba nisiende la saba nitawaonea wenzangu.

Basi palikuwa na chuo kikuu kinaitwa Itumba. Kiko juu ya mlima mrefu mpaka wanafunzi wakitaka maji ya kunawa wanakamua wingu. Chuo hicho kikapewa hadubini. Usifikirie ile ya zahanati ya kutazamia malaria. Hii imesimama kama twiga mdogo, na inatazama vitu vidogo mpaka vyenyewe vinaona haya. Ukiiwekea mguu wa chawa, inakuonyesha chawa wa huyo chawa, naye anajikuna. Itumba waliitaka ili waone kitu kinachokausha mihogo ya wilaya nzima.

Lakini mashine hiyo ina maringo kuliko bibi harusi. Ardhi ikitetemeka, haioni. Umeme ukiyumba, haioni. Hewa ikiichezea, haioni. Walioitoa walisema: ijengeeni nyumba kwanza, mkaguzi wetu aje aijaribu. Picha ikitulia, ni yenu. Isipotulia, inakwenda chuo kingine, na chuo hicho tayari kilikuwa kimeishonea pazia.

Makamu mkuu wa chuo, Profesa Ntandu, akawaita mafundi watatu wa mkataba.

"Siku picha ikitulia, mikataba yenu imekwisha," akawaambia. "Ila nina nafasi moja ya ajira ya kudumu, mtunza hadubini. Atakayeifanya mashine ibaki Itumba, ndiye nitakayemwajiri."

Umeona? Watu watatu, wote wamechoka kuhama hama na mabegi kutafuta kazi, na kiti ni kimoja.

Wa kwanza ni Sikujua, mpima ardhi. Kipaji chake kiko miguuni. Akivua viatu anasikia siafu wakihama wilaya ya pili, na anakuambia yupi kati yao anachechemea.

Wa pili ni Lusajo, fundi umeme. Chake kiko masikioni. Akitega sikio kwenye waya anakuambia nani mjini anapiga pasi, na kama ni shati au sketi ya marinda.

Wa tatu ni Nyamizi, fundi wa viyoyozi. Chake kiko kwenye ngozi. Jirani akifungua friji, yeye huku anajifunika kanga. Wewe unayecheka hapo nyuma, cheka tu. Kipaji chako ni nini, kulala?

Sasa ramani ilikuwa imeshachorwa. Nyumba ya hadubini ikae getini, ili mgeni akifika tu aione. Sikujua akaenda getini, akavua viatu, akasimama.

"Profesa, hapa panatetemeka."

"Panatetemeka wapi? Mimi nimesimama na sijaanguka."

"Lori la mkaa linapanda mlima. Liko mbali bado. Limebeba magunia, na juu yake kuna mbuzi."

Wakangoja. Chai ikaletwa, ikanywewa, vikombe vikaoshwa. Ndipo lori likatokea kwenye kona linahema, na mbuzi kasimama juu ya magunia kama mheshimiwa.

Sikujua akakizunguka chuo kizima pekupeku, kila upenyo, mpaka miguu ikanyamaza. Chini yake palikuwa na mwamba mmoja mkubwa, mzizi wake umefika mahali ambapo hata mashetani hawajapima viwanja. Tatizo ni kwamba juu ya mwamba huo palikuwa na bustani ya Profesa ya kabichi.

"Hakuna kwingine?" Profesa akauliza.

"Kwingine kote kunacheza, Profesa. Hapa ndipo pamelala."

Profesa akaziangalia kabichi zake kama mzazi anayepeleka mtoto bweni. Zikang'olewa, ramani ikachorwa upya.

Msingi ukachimbwa. Mkandarasi akaleta waya wa umeme kutoka kantini, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Lusajo akatega sikio, akakunja uso.

"Umeme huu unakohoa."

"Taa zinawaka vizuri tu," Profesa akasema.

"Taa haichagui, Profesa. Saa hii mama wa kantini kawasha jiko la chapati. Sasa kazima. Sasa kawasha tena, nadhani moja haijaiva katikati."

Mtu akatumwa kantini kuhakikisha. Akarudi na jibu kwamba ni kweli, na chapati mkononi, katikati mbichi.

Basi Lusajo akadai mashine iwe na laini yake peke yake toka kwenye transfoma, iwe na betri zake, na iwe na waya wake wa ethi, ule wa kumwaga umeme uliopotea ardhini. Pale pembeni ya mwamba akachimba shimo la ethi mpaka akasikia watu wa upande wa pili wa dunia wanauliza nani anagonga. Akawaomba radhi, akaendelea. Alipomaliza, umeme ukaingia ndani ya nyumba ile umenyooka kama uzi wa fundi cherehani.

Nyumba ikaisha, rangi ikapakwa, mkandarasi akafunga viyoyozi vikubwa kama makabati kabla zamu ya Nyamizi haijafika. Humo ndani baridi ilikuwa kali mpaka nzi akiingia anatoka amevaa sweta. Mkaguzi akaja, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Akaweka kipande cha jani la muhogo kwenye mashine, akawasha. Picha ikatikisika kama uji kwenye bakuli la mlevi.

Mkaguzi akafunga begi. "Nawapa wiki moja. Isipotulia, naondoka nayo."

Sikujua akavua viatu. Ardhi imelala. Lusajo akatega sikio. Umeme umenyooka. Profesa akaanza kutafuta pa kukaa.

Nyamizi akaingia, akafumba macho katikati ya chumba.

"Kuna upepo unanipita shavuni," akasema. "Viyoyozi vinaipuliza mashine. Baridi ipo, lakini ni baridi inayotembea."

"Tuvizime basi," Lusajo akasema.

"Ukivizima, joto linapanda, na picha inakimbia. Tupitishe mabomba ya maji baridi ndani ya kuta. Ukuta wenyewe upoe, hewa ikae kimya."

"Nyamizi, rangi ya ukuta huo haijakauka."

"Vizuri. Itang'oka kirahisi."

Akashika tindo yeye mwenyewe. Plasta ilivyoruka, vumbi lilifika mji wa jirani likaulizia gesti. Wiki ilipokwisha mabomba yalikuwa ndani, viyoyozi vimekaa nje kama mbwa waliofukuzwa mezani. Mkaguzi akawasha. Picha ikatulia kama ya kitambulisho, na kwenye jani la muhogo wakaonekana wadudu wenyewe, wamejipanga foleni, hawajui kama wanatazamwa.

"Ni yenu," mkaguzi akasema.

Hapo hapo mikataba mitatu ikafa. Wakaingia ofisini kwa Profesa, wakakaa kwenye benchi moja.

"Mimi ndiye niliyeipatia mahali," Sikujua akasema. "Pale getini mngejenga ikulu nzima, isingeona kitu."

"Dada, hilo tunashukuru," Lusajo akasema. "Ila mwamba unahitaji mtunzaji? Utaulinda usitoroke? Umeme ndio kila siku una vituko. Mimi nikiondoka leo, kesho mama wa kantini ataunganishiwa jiko kwenye laini yangu."

"Kwa hiyo nimefanya kazi vizuri mno, ndiyo maana nikose kazi?"

Lusajo akakuna kichwa.

"Nyie wawili mlisimama mle ndani mkasema kila kitu kiko sawa," Nyamizi akasema. "Mashine ilikuwa inarudi kwenye sanduku. Nani aliizuia?"

"Wewe ulikuta nyumba imesimama, mdogo wangu," Sikujua akasema. "Ungetundika wapi mabomba yako, kwenye kabichi?"

"Na pampu za maji zinaendeshwa na nini?" Lusajo akadakia. "Maombi?"

"Na umeme wako ulinyooka ukaonyesha nini? Uji," Nyamizi akamjibu.

Profesa akawaangalia mmoja mmoja. Wa kwanza kazi yake haitarudiwa milele, na bila yeye hao wengine wasingekuwa na pa kuanzia. Wa pili kazi yake haiishi, leo, kesho, mpaka mashine izeeke. Wa tatu aliikamata mashine ikiwa mguu mmoja umeshatoka mlangoni. Akashika kalamu, akaiweka. Akashika tena.

Mwisho akaniita mimi. Sasa mimi sijawahi kushindwa na kitu, mnanijua, nimeshawahi kumpatanisha radi na mnazi. Lakini hili nikaomba niende nikaulize watu wenye akili. Njiani nikawakosa, ndiyo nimefikia kwenu.

Profesa bado amekaa, na wale watatu bado wako kwenye benchi, mabegi miguuni. Sikujua, Lusajo, Nyamizi. Nafasi ni moja. Nikirudi, nimwambie aandike jina la nani?