Bibi Lubaba na Moto Ulioombwa

Wamesimulia watu wa kheri waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Shamu palikuwa na soko la mikate ambalo moto wake ulikuwa na nasaba. Ndiyo, moto wenye nasaba. Msicheke kwanza, kucheka kutakuja.

Watu wa soko lile walisema kuwa tanuri la kwanza liliwashwa na mja mmoja mwema aliyeliombea dua, na matanuri yote yakawashwa kwa moto wake. Aliyetaka kufungua tanuri lake alikwenda na kigae kwa mwenye tanuri, akasema, "Naomba moto," akapewa makaa mkono kwa mkono. Mkate uliookwa kwa moto mwingine haukuruhusiwa sokoni. Zamani kila aliyeomba alipewa. Kisha wenye matanuri wakaonja utajiri, na mikono ikafumbwa. Wakasema baraka ya moto ikigawanywa inapungua. Basi mtoto wa mwenye tanuri akawa mwenye tanuri, mtoto wa mkandaji akawa mkandaji, na mtoto wa mchukuzi wa kuni akabeba kuni mpaka mgongo ukapinda. Na linalosikitisha zaidi ni kwamba hata wachukuzi wenyewe waliamini kuwa ndivyo Mungu alivyopanga.

Katika wenye matanuri alikuwamo Bibi Lubaba, mjane mcha Mungu. Huyu alianza kwa kuzoa majivu, yatima hana mbele wala nyuma, mpaka mwenye tanuri aliyemtumikia, aliyekosa mtoto, alipompa moto akiwa kitandani mwa mauti. Wakubwa wa soko wakanuna, lakini wosia wa mtu anayekufa nani ataupinga? Lubaba akapanda. Akapata nyumba yenye ua na kisima, akawa anafunga Jumatatu na Alhamisi, na sadaka yake ya mikate ilifika Mtaa wa Wachukuzi bila kukosa. Maskini walimwombea dua mpaka machozi yakamtoka. Alizipenda dua zile, ndugu zangu, alizipenda sana. Mtu huuzoea utamu huo kuliko anavyodhani.

Siku moja baada ya Alasiri, mkandaji wake, Yasari, alinawa unga mikononi akaja kusimama mbele yake. Alimfanyia kazi tangu ndevu hazijaota, na sasa zilikuwa na mvi mbili tatu.

"Bibi," akasema, "naomba moto."

Bibi Lubaba alihisi tumbo limemkaza. "Umepungukiwa nini, mwanangu? Ujira nitakuongeza. Mikate chukua utakayo. Na Idi hii nitakushonea kanzu mpya wewe na mama yako."

"Mungu akuzidishie, Bibi. Kwako sijawahi kulala njaa. Lakini nina watoto, na sitaki nao wasubiri kuongezwa. Naomba moto."

Hapo Bibi Lubaba akaingiwa na hofu ya pili, iliyo mbaya kuliko ya kwanza. Mwaka wa mafuriko, yeye akiwa mgonjwa wa homa, maji yaliingia tanurini na moto ule wenye nasaba ukazimika fyu! Yasari alikimbia kwa mama yake, Bi Unaisa, katika Mtaa wa Wachukuzi, akarudi na makaa yaliyotoka chini ya chungu cha dengu. Tanuri likawaka. Bibi Lubaba alilia siku hiyo, akamsihi amsitiri, kwani kwa sheria ya soko tanuri lililozimika halikuwa tanuri tena. Tangu siku hiyo mji mzima ulikula mkate wa moto wa dengu na kusifu baraka zake.

"Yasari," akauliza kwa sauti ya chini, "unanitisha kwa lile jambo?"

Yasari akarudi nyuma hatua moja. "Audhubillahi, Bibi! Lile nililizika siku ile ile. Ukiniambia hapana, kesho utanikuta kwenye unga kama kawaida."

Laiti angemtisha! Bibi angemkasirikia, na hasira ingempa nafuu. Lakini mtu anayekuomba haki yake kwa adabu utamfanya nini? Bibi Lubaba akasema, "Nitatazama," neno wanalolitumia wakubwa wasiotaka kutazama, akaingia ndani kuswali Magharibi.

Baada ya swala aliinua mikono kuomba dua yake ya kila siku: "Ewe Mola uliyeniinua kutoka majivuni..." Ikakwama. Akaanza upya, ikakwama pale pale. Aliona haya kumshukuru Mungu kwa mlango ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuegemea kwa mgongo ili mwingine asipite. Akakaa juu ya msala, mikono mapajani, kama mtoto aliyesahau aya mbele ya mwalimu.

Asubuhi akaja Bwana Mughira, mkuu wa waokaji, kilemba hiki kikubwa. Habari zilikuwa zimemfikia. Masoko hayana siri.

"Bibi Lubaba, usitufungulie balaa. Ukimpa huyu, kesho watakuja wote."

"Na wakija?"

"Wakija! Tafakari, mama. Maskini wanatuhitaji wapate kula, na sisi tunawahitaji tupate thawabu. Kila mtu akipanda, sadaka utampa nani?"

Bibi Lubaba akamkodolea macho. Neno lile lile lilikuwa ndani ya moyo wake siku zote, limefungwa vizuri kwa kitambaa cha ucha Mungu, na sasa alipolisikia likitoka kwenye kinywa cha mwingine, lilinuka. Mara akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Subhanallah! Kwa hiyo tumwombe Mola awaache na njaa, ili sisi tuingie Peponi kwa migongo yao? Nenda, Mughira. Ijumaa nitajibu mbele ya watu wote."

Alijua vizuri atakachopoteza. Akisema kweli, tanuri lake lingezimwa kwa maji, na uzeeni angerudi kuzoa majivu ya watu. Akinyamaza, Yasari angebaki mkandaji mpaka kaburini, na dua yake yeye ingebaki imekwama kooni. Alisubiri Ijumaa kwa kufunga na kuomba, akiogopa, na wala sitawadanganya kuwa hakuogopa.

Ijumaa ikafika. Watu walipotoka msikitini, waokaji na wachukuzi wakajaa uwanjani. Bwana Mughira akaeleza kirefu habari za baraka, nasaba na hatari ya kugawanya. Alipomaliza, Bibi Lubaba akasimama.

"Enyi watu, msigombanie moto wa tanuri langu. Moto ule wa zamani ulizimika mwaka wa mafuriko. Huu ninaookea ni wa Bi Unaisa, mama yake Yasari, wa chini ya chungu chake cha dengu. Yasari aliniletea, nikauficha ukweli. Kwa hiyo anaponiomba moto anaomba ulio wake. Nami nasema hivi mbele ya Mungu, mnifanye mtakalo."

Bwana Mughira akafumbua kinywa kutoa hukumu, lakini kabla hajasema, Mzee Jabala, mwokaji mkongwe kuliko wote, akajikohoza.

"Mimi nami..." akasema. "Wangu ulizimika nilipokwenda Hija. Niliwasha kwa jiwe na chuma. Nilimwogopa marehemu baba."

"Eboo!" mtu mmoja akapaza sauti.

Mwokaji wa tatu akainama. "Wangu mtoto aliumwagia maji ya kuogea." Wa nne akasema wake hakumbuki hata ulizimika lini. Wachukuzi wakaanza kutazamana, kisha kucheka, kwanza kwa adabu, halafu bila adabu. Akabaki Bwana Mughira peke yake, ameshika ndevu, ametazama juu kama mtu anayetafuta mwezi mchana kweupe.

Ndipo dirisha la nyumba yake likafunguliwa, na mkewe, Bi Atika, akatoa kichwa.

"Sema na wewe, baba watoto! Au niseme mimi nani aliomba moto kwa muuza kahawa?"

Lahaula! Uwanja ulilipuka kwa vicheko. Wengine walikaa chini, wengine walikumbatiana. Bwana Mughira alikuwa mwekundu kama kaa lenyewe, lakini alikuwa na chembe ya imani moyoni, nayo ikamwokoa. Akavua kilemba, akasema, "Astaghfirullah. Wallahi nimechoka kuubeba uongo huu." Naye akacheka, na mzigo ukamshuka.

Siku ile hakuna aliyekuja na kigae akarudi kwake mikono mitupu. Bibi Lubaba alimpa Yasari makaa kwa mkono wake mbele ya watu, huku Bi Unaisa akipiga vigelegele na kuuliza kwa nini hakuna aliyemwambia kuwa dengu zake zina baraka kiasi hicho. Mwaka haukwisha matanuri yakaenea mpaka Mtaa wa Wachukuzi. Bibi Lubaba alipoteza wateja wengi. Dua yake ikapita kooni bila kukwama, na wanaomjua walisema hawajawahi kumwona akiswali kwa furaha vile.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kisa kilipotaka kufika. Yasari naye alipanda. Tanuri lake likasifika, akanunua punda, akaanza kuitwa Bwana. Siku moja Bibi Lubaba alikuwa amesimama kwake akinunua mkate kama mteja yeyote, akaja mpasua kuni wa Yasari, mtu aitwaye Hilali, amekamata kigae.

"Bwana Yasari," akasema, "naomba moto."

Bibi Lubaba aliyaona macho ya Yasari yakienda upesi kwa wateja waliopanga foleni, kisha yakarudi kwenye kigae. Aliujua mkazo ule wa tumbo, aliujua kama jina lake.

"Umeusikia mkazo, eeh?" akamwambia taratibu, akitabasamu. "Ndio huo. Hata mimi uliniuma. Mpe, mwanangu, mpe sasa hivi, kabla hujatafuta sababu nzuri ya kumnyima."

Yasari akacheka kwa haya, machozi yakimlenga. Akachukua koleo, akamjazia Hilali kigae mpaka kikafurika.

Ndugu zangu, aliye chini hujiona hana mtihani ila njaa, na aliyepanda hujiona mtihani wake umekwisha. Mola wetu atupe kupanda, na siku tukipanda, yule atakayetujia na kigae asitukute tunasema tutatazama.