Kisima cha Bustani ya Chondani

Sogeeni, mnisaidie jambo lililonishinda.

Mjini Chondani waliishi ndugu watatu wa tumbo moja. Mkubwa, Mwanashehe, hakusahau neno akishalisikia. Wa kati, Mbaraka, alikuwa na pua: mpe maji, atakuambia yametoka kisima gani. Mdogo, Kombo, akishika jembe haliachi mpaka kazi iishe.

Ufukweni mwa mji kuna bustani. Hapo ndipo waliposhukia watu wa kwanza, wakachimba kisima, wakajenga mji. Kisima kilifukiwa zamani, bustani ikabaki ya watoto na wanywa kahawa. Kwenye ukuta wake marehemu mume wa Mwanashehe alimwambia kwamba atamposa. Basi akasikia itageuzwa maegesho ya malori. Akaenda kwa meya.

"Mama," meya akamwambia, "nionyeshe kisima cha waanzilishi, bustani nitaiacha."

Mwanashehe akakumbuka maneno ambayo bibi yake alimbembelezea: kisima kinatazama mlango wa bandari, kaburi la nahodha kimeligeuzia mgongo. Akawapeleka wadogo zake hapo. Lakini palikuwa papana. Wangechimba mwaka mzima.

Mbaraka akalala kifudifudi, akaunusa udongo kutwa nzima. "Hapa chumvi. Na hapa chumvi." Akasogea kidogo. "Dada, hapa hakuna chumvi."

Kombo akachimba. Alipofika kimo cha mtu, udongo ukamporomokea hadi kifuani.

"Toka, mdogo wangu," Mwanashehe akalia. "Bustani si kitu mbele yako."

Kombo akajipangusa macho. "Nimekanyaga jiwe la kuchongwa, dada. Niache." Akaendelea mpaka maji yakamfika magotini, maji matamu.

Bustani ikasalimika. Meya akaja na watu wote wa mji. "Kisima kitaitwa kwa jina la mmoja wenu," akasema, "na huyo ndiye atakayekunywa kata ya kwanza."

Mwanashehe akampa kata Kombo, kwa kuwa nusura afe. Kombo akampa Mbaraka: bila yeye angechimba wapi? Mbaraka akamrudishia dada yao, aliyewaleta pale. Naye ameishika mpaka sasa, haijapungua tone, na fundi wa kuchonga jina anasubiri na patasi yake.

Je, wewe ungemwambia fundi achonge jina la nani?