Jiwe la Duara na Mfalme Mti

Hadithi, hadithi.

Ije, tumekaa.

Ije na nini?

Ije na maji, koo zimekauka.

Basi hapo kale, palikuwa na nchi ya wanyama yenye kisima kimoja tu. Kisima kilikuwa mtelemkoni, nacho kilifunikwa kwa jiwe la duara, zito ajabu. Aliyeliweka ni Tembo, mfalme wao. Alisema anazuia vumbi lisiingie majini, na kweli halikuingia. Wanyama nao hawakuingia.

Desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: anayefungua kisima ndiye mfalme. Mfalme haguswi kwa kwato wala makucha, hatumwi, haulizwi. Anasalimiwa kwa kuwekewa paji la uso mguuni, na kadiri unavyokandamiza ndivyo unavyoonekana mtiifu. Marehemu Tembo alitembea akichechemea kwa sababu ya kupendwa.

Ndiyo, marehemu. Alikufa usingizini, katikati ya kiangazi, na jiwe likabaki mdomoni mwa kisima.

Wanyama wakakusanyika, wakaimba:

Jiwe duara, jiwe duara,
nani atakunyanyua?

Akaja Nyati, akasukuma kwa pembe. Jiwe kimya. Wakaimba tena: jiwe duara, jiwe duara. Akaja Kiboko, akalikalia, maana aliamini kwamba uzito huogopa uzito mkubwa zaidi. Jiwe kimya. Wakaimba mara ya tatu. Akaja Fisi, akalihutubia mpaka jua likawa utosini. Jiwe kimya, lakini hotuba ilisifiwa sana.

Nyuma ya wote alisimama Mama Swala na mwanawe Mwanamvua, aliyepewa jina hilo ingawa mvua hakuwahi kuiona. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Mama akaogopa, kwa sababu mtoto mwenye kiu akinyamaza ndiyo hatari zaidi. Miguu ya mama huyo ilikuwa myembamba, pembe zake fupi, na hotuba hakuwa nayo. Akaenda porini, akarudi akiburuta mti mrefu mkavu.

Akaupenyeza mti chini ya jiwe. Akaweka kijiwe kidogo chini ya mti, karibu na jiwe. Kisha akaenda ncha ya mbali, akaikandamiza kwa kifua. Jiwe likainuka, likasimama kwa ubavu, likabiringika lenyewe hadi kwenye kichuguu. Mwanamvua akanywa. Mama yake akalia kwa furaha bila kujificha.

Wanyama wote walipokwisha kunywa, baraza likaketi kuamua nani mfalme. Wengine wakamtaja Mama Swala. Nyati akasimama.

"Tuliona wote," akasema. "Jiwe lilikwenda juu. Huyu mama alikuwa anasukuma chini. Anayesukuma chini atainuaje kitu juu? Aliyeinua ni mti."

Hoja ikaonekana nzito. Mti ukatawazwa, ukalazwa kwenye kiti cha Tembo, na Fisi akawa msemaji wake. Kijiwe hakikutajwa na mtu. Mama Swala hakubisha, maana mwanawe alikuwa amekunywa.

Kisha wakalibiringisha jiwe kutoka kichuguuni, wakalilaza, wakakifunika kisima upya. Kikibaki wazi, walisema, mfalme atafungua nini?

Kesho yake wakaenda kwa Mfalme Mti, wakaomba awafungulie. Mfalme kimya. Fisi akaeleza kwamba mfalme anatafakari. Mama Swala akaomba auchukue mti mwenyewe. Wakamwambia mfalme haguswi. Akaomba akakate mti mwingine. Wakamwambia miti yote ya porini sasa ni ukoo wa kifalme, hata kuni zimekatazwa. Jua likapanda, na Mwanamvua akanyamaza tena.

Hapo Mama Swala akawaka hasira, lakini akaimeza. Akainama mbele ya Fisi kwa adabu.

"Msemaji," akasema, "mfalme hajatembelea kisima chake tangu atawazwe. Abebwe kwa machela. Kichwa chake kipenyezwe chini ya ukingo wa jiwe kipate kivuli, chini ya shingo awekewe kijiwe kama mto wa kulalia, na sisi raia tumsalimie miguuni."

Wakaona ni heshima inayostahili. Wakambeba kwa nyimbo, wakamlaza kama alivyoelekeza mama. Kisha salamu zikaanza. Nyati akaweka paji la uso kwenye miguu ya mfalme, akakandamiza. Kiboko akaona asishindwe utiifu, akakandamiza zaidi. Fisi akajitupa juu ya miguu hiyo kwa mwili wote, akilia kwa mapenzi.

Jiwe likainuka, likasimama kwa ubavu, likabiringika. Mwanamvua akanywa.

Mpaka leo wanyama wale wanaamini jiwe huondolewa na utiifu, na kila asubuhi wanagombania nani ainame zaidi. Mama Swala hushika zamu moja tu, ya kukiweka kijiwe mahali pake.

Funzo: ukiona wakubwa wanainama kwa pamoja, usishangae vichwa vyao. Tazama upande wa pili, uone kinachoinuka.

Hadithi yangu nimeifunika kwa jiwe la duara. Anayeitaka tena alete mti na kijiwe, na tafadhali asinisalimie mguuni, nina kidonda.