Mkoba wa Dakta Shangali

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, siku ya mbio za vyuo, tulikuwepo uwanjani watu hawa: Paskalina wa Dongobesh, mkimbiaji, mama yake mzazi, aliyekuja kumwona akikimbia kwa mara ya kwanza, Dakta Shangali, mwalimu wa tiba ya michezo, wanafunzi wake watatu, Lugano, Mwanaidi na Ombeni, na mimi niliyekuwa nafua taulo za wachezaji, mwanangu mgongoni. Wengine wote walikuwa watazamaji.

Darasa la Dakta Shangali lilikuwa na desturi yake. Kila mwaka mwanafunzi mmoja tu husafiri na timu kwenda michezo mikubwa, kabeba mkoba wa tiba. Dakta hachagui. Anayechagua ni mchezaji aliyeumia mwaka huo akauguzwa na wanafunzi. Yeye ndiye humvika mmoja wao mkoba begani.

Mwaka huo aliyeumia ni Paskalina.

Chuo kilikuwa kinamsomesha kwa ajili ya miguu yake. Akikimbia, anasoma. Asipokimbia, anarudi kwao. Ndiyo maana unyayo wa kushoto ulipoanza kumuuma alimwambia mtu mmoja tu, Lugano.

"Kaka Lugano, hapa pananiuma. Nikikanyaga ni kama msumari. Usimwambie Dakta."

"Dakta asipojua, nani atakutibu?"

"Ukisema, nitakataa. Nitaruka mbele yake kwa mguu huo huo, uonekane mwongo wewe."

Somo la kwanza kabisa la wanafunzi wa tiba lilikuwa hili: siri ya mgonjwa haitoki. Basi Lugano hakuitoa. Ila wiki mbili nzima, kila asubuhi, alimpeleka kwenye bwawa la kuogelea akamkimbiza ndani ya maji, maji yambebe, mfupa upumzike. Lugano mwenyewe hajui kuogelea. Alisimama maji yakimfika kidevuni, anahesabu dakika, meno yanagongana kwa baridi. Wenzake wakamcheka, "Lugano, umekuwa chura siku hizi?" Akajibu, "Najifunza."

Siku ya mbio Paskalina alikwenda kwa Mwanaidi, na huko alisema lingine. "Dada Mwanaidi, nimeteguka kidogo. Nifunge."

Kwa kufunga plasta, Mwanaidi hakuwa na mwenzake pale chuoni. Alipiga magoti, akaupangusa ule mguu taratibu, kidole kwa kidole, kama unavyompangusa mtoto aliyetoka kuoga. Akaufunga. "Simama." Paskalina akasimama. "Ruka." Akaruka. Maumivu hayakuwepo.

Hilo ni kosa ambalo mtu asiye fundi hawezi kulifanya. Plasta ilifungwa vizuri mno, mguu ukasahau kwamba unaumwa. Walikuwa wamefundishwa kubonyeza mfupa kwanza, ndipo wafunge. Mwanaidi alikuwa na foleni ya watu tisa. Hakubonyeza.

Mbio zilikuwa za mizunguko kumi na miwili na nusu. Ombeni, kijana wa Same, mchache wa maneno, alisimama kwenye kona na ndoo ya maji. Mzunguko wa kumi na mbili Paskalina alikuwa anaongoza, mama yake anapiga vigelegele. Ombeni yeye alikuwa anatazama unyayo. Ulikuwa unatua kwa ubavu, kama wa mtu anayekwepa miba.

Ombeni alijua sheria mbili. Mkimbiaji akishikwa na msaidizi, ametoka mashindanoni. Na mwanafunzi akiingia njia ya mbio bila ishara ya mwamuzi, anarudia mwaka. Akaiacha ndoo, akaingia, akamdaka Paskalina mikononi.

Uwanja mzima ukazomea.

"Niachie! Ombeni, niachie! Nakuchukia!" Paskalina alimpiga ngumi za kifua.

Mama yake akaja mbio, kanga inamdondoka. "We kijana! Mwachie mwanangu, umemposa lini?"

"Nisamehe, mama," alisema Ombeni. "Nisamehe, Paskalina." Lakini hakumshusha.

Picha ikapigwa hospitali. Dakta Shangali akaiinua dirishani. Mfupa mwembamba wa unyayo ulikuwa na ufa, kama unywele.

"Hatua mia zaidi," alisema, "ungekatika vipande viwili. Sijui kama angekimbia tena."

Mama Paskalina akakaa chini polepole. Alikuwa amekuja na maziwa ya mgando ya kusherehekea ushindi. Akayamimina kikombeni, na wa kwanza kumpa alikuwa Ombeni.

Dakta akaandika barua, chuo kikakubali kumngoja Paskalina mpaka apone. Wale watatu wakauguza. Lugano akarudi bwawani. Mwanaidi akakanda mguu, na akimaliza mguu anamsuka nywele. Ombeni, ambaye sasa alikuwa anarudia mwaka, Paskalina hakumsemesha mwezi mzima. Hata hivyo Ombeni alimwandikia masomo aliyoyakosa, akayasukuma chini ya mlango, akaondoka bila kubisha.

Mfupa ukaunga. Siku ya mkoba ikafika.

"Mimi nilimbeba ndani ya maji wiki mbili," alisema Lugano. "Ningemtangaza, angenificha na mimi, akakimbia barabarani, mfupa ukakatika kabla ya siku yenyewe."

"Ukamficha wiki mbili!" Mwanaidi akamkata. "Ungeninong'oneza neno moja, nisingemfunga. Na Dakta amesema mwenyewe, plasta ndiyo iliyoushika mfupa usiachane. Mimi nilidanganywa, na bado mikono yangu ilimlinda."

"Ulidanganywa kwa kuwa hukubonyeza. Kidole kimoja tu, dada yangu!"

"Na wewe Ombeni?" aliuliza Dakta. "Au umekuja kusindikiza wenzako?"

"Kila mtu anasema niliuokoa mguu," Ombeni alijibu. "Nilianza kuuona mzunguko wa tisa. Nikaogopa kurudia mwaka. Nikangoja mpaka wa kumi na mbili."

Mwanangu akalialia mgongoni, nikambembeleza.

"Hata ungemwita wa tisa, asingeitika," mama Paskalina alimwambia Ombeni. "Namjua huyu."

Paskalina alikuwa ameukumbatia mkoba, machozi yanaulowesha. "Na mimi niliwadanganya wote," alisema. "Nitamvikaje mmoja?"

"Vika, mwanangu," mama yake alimjibu. "Ndege haingoji."

Akavika. Aliyevikwa nilimwona, na wawili waliobaki niliwaona wakimfunga vizuri ule mkanda wa begani. Simtaji.

Kwenye michezo ile mikubwa Paskalina alikimbia mizunguko yote kumi na miwili na nusu, akamaliza wa nne, akatembea kwa miguu yake mpaka kwa aliyekuwa anamngoja na mkoba. Aliyetunza siri na kumbeba majini, aliyemfunga kwa mikono ya upole, au aliyemdaka akapoteza mwaka? Nyinyi mnaonisikiliza, je, nani alistahili kusimama pale?