Mkaja wa Siwema

Sogeeni. Mwenye miguu aikunje, mwenye simu aifunike. Wanaume mnaotaka kubaki, bakini. Mlizaliwa na wanawake, hakuna cha kuonea haya hapa.

Zamani, mtaani kwetu Kigombani, mzazi hakuachwa peke yake. Alikaa ndani siku arobaini, akikandwa kwa maji moto, akinyweshwa uji wa pilipili manga, tumbo lake limefungwa mkaja, kile kitambaa kirefu cha kuurudisha mwili. Naikumbuka harufu ya vyumba vile: udi, karafuu, majani ya mwarobaini yakichemka uani. Navikumbuka na vicheko vya akina mama, ambavyo sisi watoto tulikatazwa kuvisikiliza, nasi tukavisikiliza vizuri sana. Siku hizi mzazi anatoka hospitali anaachiwa televisheni. Nazililia siku zile, sifichi.

Basi mtaani hapo walikuwapo wanawake watatu wa kuitwa penye mzazi au mgonjwa. Bi Mashavu alikuwa na pua. Akipita mlangoni kwako anajua wali uliungua, hata kama umeshaumwaga. Bi Zamda alikuwa na ulimi na sikio; matani yake yangemfanya bubu aseme, naye akasikiliza. Bi Kidawa alikuwa na mikono. Alijua jani la kunywa, jani la kuoshea, na jani la kuachwa palepale lilipoota. Walichezwa unyago pamoja, wakagombana kila siku na kula sahani moja.

Siwema, mke wa Maulidi, akajifungua kifungua mimba wake, mtoto wa kike. Maulidi alikuwa kazini kwenye mashamba ya mkonge, angerudi arobaini ikiisha. Siwema akajitunza kuliko wazazi wote. Asubuhi chetezo, jioni chetezo; nguo, shuka, nywele, vyote vimefukizwa udi. Wageni wakitoka wanasifu: "Mzazi ananukia huyo! Maulidi ana bahati." Hakuna aliyejiuliza kwa nini anakaa upande mmoja kama aliyekalia mwiba, wala kwa nini uji wake unarudi jikoni.

Bi Mashavu akaja kumwona mtoto. Alikaa kidogo tu, akatoka, akawavuta wenzake uani.

"Udi huu umezidi," alisema. "Chini yake kuna harufu ya kidonda."

"Pua yako imezeeka," Bi Zamda alimtania.

"Imezeeka, haijafa. Yule anaoza na sisi tunampigia vigelegele."

Bi Kidawa akataka kuingia palepale na beseni lake. Bi Zamda akamshika kanga. "Utatibu nini, na hujui kilichomo? Mtu aliyejificha nyuma ya udi hatakuonyesha kitu. Niachieni."

Akaingia yeye. Kwanza alimsimulia Siwema jinsi yeye mwenyewe alivyomng'ata mkunga siku ya uchungu wake, na mkunga naye akamng'ata. Siwema akacheka mpaka akashika mbavu. Hapo Bi Zamda akamuuliza taratibu, "Mwanangu, nani kakutisha?"

Kicheko kikageuka kilio. "Jirani aliniambia mwanamke akishazaa, asipojibana, mume hamkuti kama alivyomwacha. Akanipa kifundo cha kitambaa chenye uzi, ndani yake shabu, lile jiwe la kukaza, na dawa ya kusaga, nikiweke ukeni usiku mmoja. Asubuhi navuta uzi, ukakatika. Kimebaki humo, bibi. Ningemwambia nani, na kwa mdomo gani?"

"Kwa huohuo unaolia nao," alisema Bi Zamda, naye machozi yanamtoka.

Ikawa zamu ya Bi Kidawa. Akaosha mikono kwa sabuni na maji moto mpaka viwiko, akamlaza Siwema, akakitoa kifundo. Sitawaeleza kilivyokuwa. Akachemsha mwarobaini, akauchuja, akaacha maji yawe vuguvugu, akamkalisha ndani ya beseni. Maumivu yakapungua, Siwema akaanza kusinzia. Mwingine angeishia hapo na kujisifu mtaa mzima. Bi Kidawa alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akasimama.

"Majani yangu huosha. Homa hii imo ndani, na mimi huko sifiki. Twendeni hospitali."

"Watatucheka," alisema Bi Mashavu.

"Na watucheke, mradi awe hai."

Bi Kidawa akatoka barabarani, akasimama mbele ya lori la mkonge huku amenyoosha mikono. Dereva alifunga breki akimtukana, kisha akamwona mgonjwa, akawapakia. Siwema akalazwa, akadungwa sindano nyingi. Muuguzi aliwaambia, "Mngengoja kesho, mngerudi na maiti." Kisha akawakanya: humo hamwekwi kitu, kiwe jani au unga.

Siwema akapona. Ikafika siku ya kutoka ndani.

Sasa sikilizeni desturi yetu. Siku hiyo mzazi hufungua mkaja na kumkabidhi mwanamke mmoja, na huyo ndiye anakuwa somo wa mtoto. Binti akivunja ungo, somo ndiye atakayemfunza mwili wake: kipi cha kufanya, kipi cha kukataa. Mkaja haukatwi vipande, na somo ni mmoja, maana binti akiwa na watatu atamkimbilia asiyemkemea.

Siwema aliwaita wote watatu. "Mwanangu asipitie nililopitia mimi," alisema. "Namtaka wa kumwokoa, hata siku ambayo mimi sipo."

Bi Mashavu akanyoosha mkono. "Wote walinusa udi, mimi nilikunusa wewe. Msichana hasemi siku ya kwanza. Anahitaji wa kumjua kabla hajasema."

"Ulijua kuna kidonda, hukujua kilipo," alisema Bi Zamda, naye akanyoosha wake. "Kilichokuwa kinamuua ni siri. Nani aliitoa?"

Bi Kidawa hakupandisha sauti. "Pua ilijua, sikio likajua, na kifundo bado kilikuwa humo. Mikono hii ndiyo iliyokitoa, na ndiyo iliyojua mwisho wake ni wapi."

Siwema akaushika mkaja kwa mikono miwili. Mtoto amelala mkekani, ngumi zimefumbwa. Wale waliokula sahani moja miaka yote, siku hiyo hawakutazamana.

Bibi yangu, aliyenisimulia haya, akifika hapa alitutazama wajukuu zake mmoja mmoja. Wale watatu wameshazikwa, Mungu awarehemu. Vifundo havijazikwa, sasa vinaletwa kwa pikipiki, kwenye pakiti yenye picha ya waridi.

Haya, semeni. Mtoto ni wako na mkaja umo mikononi mwako: utampa anayenusa, anayesikiliza, au anayetibu? Na binti yako aliyeko nyumbani sasa hivi, anaye hata mmoja wao?