Shali Iliyofika Ikiwa Kavu

Mwanamke mmoja alipanda basi la kwenda Njombe asubuhi moja ya mwezi wa saba, mapajani amebeba mfuko wa nailoni kwa uangalifu, kama mtu aliyepakata mayai. Ndani ya mfuko mlikuwa na shali ya mtoto mchanga. Aliifuma mwenyewe kwa nyuzi nyeupe za sufu katika mwaka wa pili wa ndoa yake, na sasa ndoa ilikuwa na miaka tisa. Kila Januari aliifua kwa maji ya uvuguvugu, akaianika chumbani juu ya kiti. Hakuthubutu kuitundika kwenye kamba ya nje, maana majirani wangeiona wakaanza kuhesabu miezi. Ikikauka aliikunja na kuirudisha sandukuni. Mumewe alijua. Siku hizo za Januari alichelewa kurudi nyumbani.

Safari hii ilikuwa ya maombi. Kanisa moja huko lilikuwa limetangaza siku ya kuombea wenye haja, na kila mmoja aliambiwa aje na kitu kinachoonyesha anachomwomba Mungu. Anayetaka nyumba alete tofali, mwenye mtoto aliyefeli alete daftari. Yeye alikuwa na shali yake. Alitaka ifike kama ilivyotoka kwenye sindano, nyeupe, bila doa. Mnaweza kumlaumu? Mimi siwezi.

Kabla basi halijaondoka akaja mama anasukuma kigari cha mtoto. Ndani ya kigari alilala kichanga wa miezi kama minne, na pembeni binti wa miaka mitatu amening'inia kwenye sketi ya mama yake. Konda akakikagua kile kigari kuanzia magurudumu mpaka kofia yake ya kukinga jua.

"Mama, hili nalo ni gari. Na gari halipandi ndani ya gari."

Watu wakacheka. Yule mama akajaribu kueleza kwamba vitu vyote vya mtoto vimo humo.

"Vitafika, mama yangu. Na wewe utafika. Mtoe mtoto."

Kigari kikaingia kwenye buti pamoja na blanketi, nguo za kubadilisha na themosi ya uji, na juu yake yakapangwa magunia ya vitunguu. Kina mama mnaijua hali hiyo. Unapewa nusu dakika ya kuchagua cha kubaki nacho, na hapo hapo akili inakukimbia. Alipanda na watoto wawili na nepi moja.

Akakaa dirishani, kando ya mwanamke wetu, kichanga mkononi na binti kabanwa katikati yao. Dirisha lenyewe lilikuwa limekwama, limeacha nafasi ya vidole viwili. Mjini halikumsumbua mtu. Walipopita Mafinga ukungu ukashuka, mvua ya rasharasha ikaanza, na upepo ukaingia kwenye ule upenyo kama umelipiwa nauli.

Mwanamke wetu alikuwa anamtazama mtoto. Alijilazimisha kutazama barabara, macho yakarudi. Mtoto alikuwa na nywele laini zilizosimama utosini, na kidole gumba kimekwama mdomoni. Mara akanyoosha mkono akashika kitufe cha sweta la mwanamke huyu, akakivuta, akakitazama, akakivuta tena. Mwanamke alikaa kimya kabisa asije akamshtua. Alitamani kumpakata hata kwa kilomita moja tu, akajikuta anahesabu nguzo za umeme, anajiambia kwamba ikifika ya kumi atamwomba mama yake. Ilipofika ya kumi akahesabu upya. Aliogopa kwamba akimshika hataweza kumrudisha bila kulia mbele za watu.

Ndipo yule binti akatapika. Mtoto wa miaka mitatu hatapiki kwa kuomba ruhusa. Alimtapikia mdogo wake kuanzia kifuani mpaka miguuni, na mengine yakadondoka kwenye kiti.

Mwanamke wetu akauinua mfuko wake juu haraka, akasogea. Alisogea mpaka ukingo kabisa wa kiti, nusu yake ikiwa imening'inia kwenye njia ya kupita, mfuko ameukumbatia chini ya kidevu. Yule mama alimvua mtoto nguo zilizolowa, akazipangusia kiti, akabaki na kichanga aliyevaa nepi tu, upepo unampiga, ngozi imeota vipele vya baridi. Alimwita konda amfungulie buti. Konda akasema, tena kwa upole, kwamba magunia yale hayashuki mpaka stendi.

Yule mama akageuka.

"Dada, samahani. Huna kitu chochote kikavu nimfunike mtoto?"

Ndugu zangu, jibu lilikuwa chini ya kidevu cha mwanamke wetu. Alilisikia likichakacha ndani ya nailoni. Akaona shali ikichafuka kwa matapishi, akajiona amefika madhabahuni mikono mitupu baada ya miaka tisa.

"Sina, dada yangu," akasema.

Yule mama hakunung'unika. Alivua sweta lake mwenyewe, akamviringisha mtoto, akabaki na blauzi nyepesi, bega lake ameliegemeza kwenye ule upenyo wa dirisha ili upepo umkute yeye kwanza. Binti alijinyoosha kwenye nafasi iliyoachwa wazi, akalala. Walikwenda hivyo mpaka mwisho wa safari. Mwanamke wetu hakuhesabu nguzo tena.

Stendi magunia yakashuka, kigari kikatoka, kimebonyea kofia lakini kizima. Mama akamvalisha mtoto haraka, akamfunika blanketi, akamkalisha binti miguuni pa mdogo wake humo humo kigarini. Midomo ya mama mwenyewe ilikuwa imegeuka rangi kwa baridi. Kisha akamfuata mwanamke wetu.

"Dada, asante sana kwa kutupisha," akasema. "Nilikuona ulivyokaa ukingoni safari nzima ili huyu mkubwa apate kulala. Mungu akupe unachokiendea."

Akaondoka anasukuma kigari chake kwenye tope.

Mnasikia alichoambiwa? Maombi aliyoyafuata safari yote hiyo aliombewa pale stendi, hata mlango wa kanisa hajauona, na aliyemwombea ni yule yule aliyemnyima. Alisimama, akafungua mfuko, akaitoa shali. Ilikuwa nyeupe, haina doa. Akakimbia nayo mkononi kuelekea kule kigari kilikopita, lakini bajaji zilikuwa nyingi na hakujua wamepanda ipi. Akabaki kasimama njia panda ameishika. Mvua ya rasharasha ikaanza kuilowesha, naye hakuirudisha mfukoni.

Mtaniuliza kama alipata mtoto. Sijui. Mfano wangu unaishia stendi.

Wala sikuwaletea mwanamke huyu ili tumhukumu. Shauku yake ilikuwa ya kweli, na tuache kabisa kuwaambia wenye kiu kama yake kwamba mtoto wa mwenzio atatosha. Hatoshi. Nasema tu kwamba alikishika kitu cha maombi yake kwa nguvu mpaka hakubaki na mkono wa kukitumia. Nasi je? Mwaka mzima tumekesha na kufunga humu ndani, tunamwomba Mungu atuletee familia changa, kanisa lijae sauti za watoto. Tumepaka rangi, tumeshona vitambaa vya mabenchi, vyeupe, na tumeandika kwamba watoto wasivikalie.

Geukeni mtazame mlangoni. Taratibu, msiwatishe. Kuna kina mama watatu wamesimama pale tangu wimbo wa kwanza, na vigari vyao vimebaki nje barazani kwenye upepo. Sasa tazameni hapo mlipokaa, mwone ni mikoba mingapi imekaa vizuri kabisa juu ya mabenchi.

Sisemi amina bado. Nasubiri mikoba ishuke.