Kisutu cha Aliyeondoa Uvundo

Kaeni vizuri, na mwenye usingizi asogee karibu na mlango ajiondokee mapema, kwa sababu hadithi hii haiishi mpaka mtu aitolee hukumu. Mimi nimeizunguka miaka sasa na hukumu sijaipata. Labda ninyi mna akili kunizidi, ingawa kwa nyuso ninazoziona hapa nina mashaka kidogo.

Palikuwa na Mzee Mhina, dereva mstaafu wa shamba la mkonge. Alikaa juu ya Muheza, njia ya kupandia Amani, kule ambako mvua ikianza hata chumvi hulowa ndani ya kopo. Mkewe aliitwa Bi Zaituni. Walikuwa na watoto watatu, wote watu wazima, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Semeni, kifungua mimba, alipewa pua. Kazi yake ilikuwa kuchambua iliki kwenye ghala la wanunuzi. Ukimfungulia gunia, alikwambia lilianikwa siku ngapi, na kama liliwahi kulazwa karibu na ukuta unaovuja.

Mbaruku, wa pili, alipewa mikono. Alikuwa fundi wa mafriji pale Muheza mjini, na mashine iliyowashinda wenzake kwake ilikubali bila ugomvi.

Zawena, wa mwisho, alipewa subira. Alikuwa mshonaji, na angeweza kufumua gauni zima kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda. Huyu Bi Zaituni hakumzaa. Mzee Mhina alimleta nyumbani akiwa na miaka mitatu, mama yake mzazi amefariki, na Bi Zaituni alimpokea akambeba mgongoni siku hiyohiyo. Maswali ambayo mwanamke mwingine angeyauliza kwa sauti ya kusikika mpaka Korogwe, yeye hakuyauliza hata moja.

Basi Bi Zaituni akaugua mapafu. Yakawa yanajaa maji, na kila Jumatatu ikabidi apelekwe hospitali, Tanga mjini, yakanyonywe. Daktari akasema vumbi lisimguse kabisa. Sasa ile barabara ya kushukia Muheza ni vumbi jekundu tupu, na basi la kijijini madirisha yake hayajafungika tangu linunuliwe. Likabaki gari la Mzee Mhina, saluni nyeupe, ambamo mgonjwa angeweza kufungiwa vioo na kuwashiwa kiyoyozi akashuka salama.

Lakini kiyoyozi chenyewe kikaanza kutoa uvundo. Ukikiwasha, inakujia hewa ya matambara yaliyosahauliwa kwenye ndoo wiki nzima. Mzee Mhina akanunua manukato ya kuning'iniza kwenye kioo. Akaweka ndimu, akaweka mkaa, akaweka na mchaichai. Uvundo ukachanganyika na manukato, ikawa balaa juu ya balaa. Jumatatu moja Bi Zaituni alikohoa tangu kona ya kwanza mpaka akatapika, akamshika mumewe mkono na kusema, "Baba Semeni, nirudishe. Kama ni kufa, nife navuta hewa ya nyumbani kwangu." Siku ile hospitali hawakufika. Jumatatu iliyofuata alikataa hata kuvaa viatu.

Mzee Mhina akawaita watoto wake. Akawaambia ukweli ulivyo, kwamba mama yao asipokwenda hospitali atakufa, na kwenye gari lile haingii tena.

Semeni ndiye aliyetangulia. Alitupa manukato yote nje, akaacha milango wazi kutwa, kisha akaingia na pua yake. Alinusa viti, akanusa zulia, akanusa mikanda na buti. "Baba, viti ni vikavu," alisema. "Mnamsafisha asiye na taka." Akaomba iwashwe feni peke yake, harufu hakuna. Akaomba kiyoyozi, na baada ya muda mfupi ikaja. Akapitisha uso kwenye kila tundu la hewa, akasimama kwenye lile la kushoto, mbele ya kiti cha mama yake. "Ni ukungu. Kuna kitu kinalowa kila siku na hakikauki, nyuma ya dashibodi, upande huu." Kwa kuuvuta uvundo ule karibu hivyo alishikwa na mafua ya wiki mbili, na ghalani wakamweka kando, kwa sababu mchambuzi wa iliki asiyenusa ana kazi gani?

Mbaruku akaanzia pale alipoonyeshwa. Alifungua dashibodi upande wa kushoto, akatoa chujio la hewa, jeusi, limesongwa na majani yaliyooza. Nyuma yake akaikuta koili inayopoza hewa imevaa utelezi. Akaipulizia dawa ya povu, akaisugua kwa mswaki, akaisuuza. Halafu akachungulia chini ya gari na kuona pakavu. Kiyoyozi kikifanya kazi lazima kidondoshe maji, na hiki hakikuwa kinadondosha. Akalala chali uvunguni, akakuta mpira wa kutolea maji umezibwa na nyigu aliyejenga nyumba yake ya udongo mdomoni mwake. Akauzibua kwa spoku ya baiskeli. Yalitoka maji meusi ya miezi. Bati lilimchana kiganja, akashonwa nyuzi saba, na kazi ya mafriji ikasimama mwezi mzima. Jumatatu ile Bi Zaituni alipanda gari, akavuta pumzi, akauliza kama wamenunua jipya.

Ah, mlidhani tumemaliza. Jumamosi uvundo ukarudi, mdogo, lakini ni uleule. Mbaruku akafungua tena kwa mkono mmoja. Mpira u wazi, chujio ni jipya, koili imelowa tu. Akapuliza dawa mara ya pili, akafunga, akasema hana zaidi. Jumatatu mgonjwa akawa anakwenda kajiziba pua kwa leso, akikohoa njia nzima.

Hapo Zawena akafunga cherehani, na ilikuwa ni kuelekea Idi, wateja wake wote wakaenda kwa mshonaji mwingine. Alimwomba baba yake amchukue kila anapokwenda, msikitini, sokoni, popote. Siku kumi alikaa kiti cha mbele akitazama, hasemi kitu. Siku ya kumi na moja wamefika nyumbani, Mzee Mhina kazima injini huku kiyoyozi kikiunguruma, kafunga vioo vyote, kashika turubai lake alifunike gari, ndipo alipozungumza.

"Baba, nikwambie jambo, usinichukie?"

"Sema, mwanangu."

"Gari unalizima na kulifunika likiwa limelowa ndani. Uvundo unakulia humo chini ya turubai."

Mzee Mhina alibaki kashika turubai. Jamani, yale ndiyo mafunzo ya shamba la mkonge. Bosi alimfundisha akiwa kijana kwamba gari likifika halikai wazi hata dakika moja, lisionje jua wala vumbi, na kwa miaka thelathini hakuna dereva aliyefunika gari haraka kama yeye. Tangu mkewe augue ndiyo kabisa, alikuwa akilifunika upesi zaidi ili kiti cha mgonjwa kisiingie vumbi. Alikuwa anajivunia hilo.

"Kumbe zile Jumatatu mbili ni mimi," alisema.

"Sikusema hivyo, Baba."

"Najua hukusema."

Zawena akamfundisha njia nyingine. Wakifika darajani, dakika kumi kabla ya nyumbani, azime ubaridi aache feni ivume peke yake mpaka koili ikauke. Wakifika, milango ikae wazi kidogo, na turubai liende likaanikiwe mahindi. Mzee alisahau mara nyingi, maana mkono uliozoea hauambiliki. Kila aliposahau, Zawena alimgusa kiwiko tu, bila neno. Uvundo ukaondoka, haukurudi tena. Mbaruku akaamini ni ile dawa yake ya mara ya pili, na Zawena hakumsahihisha. Hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu kueleza alichofanya ilikuwa ni kueleza kosa la baba yake.

Bi Zaituni alikwenda hospitali Jumatatu nne mfululizo bila kukohoa njiani. Alitazama michungwa ya watu dirishani na kuwasema wasiopalilia. Lakini Jumatatu ya tatu daktari alimvuta Mzee Mhina pembeni, akamwambia taratibu, "Zile wiki mbili mlizokosa, mzee, zimetuharibia." Mzee alisema ahsante, daktari. Alikwenda akakaa nyuma ya usukani, akalia huku kashika ufunguo, kisha akanawa uso kwa maji ya chupa na kurudi kumchukua mkewe.

Jumatatu ya nne, wakirudi, walifika darajani na Mzee Mhina akazima ubaridi, akaacha feni. Bi Zaituni alikuwa kaegemea kioo. Akasema, "Baba Semeni, kile kisutu changu cha harusi. Aliyeniondolea ile harufu, mpe yeye."

Mbele yao palikuwa na lori la machungwa linarudi nyuma, na Mzee macho yalikuwa kwa lori. Akajibu, "Haya, mama." Alijisemea atamuuliza wakifika ni nani anayemkusudia. Walipofika Bi Zaituni kashachoka, akalazwa. Alfajiri Mzee alipomwamsha kwa swala, hakuamka.

Walimzika mchana uleule. Ikapita arobaini, mashangazi wakagawa nguo za marehemu kama ilivyo desturi, mpaka kikabaki kisutu, ile kanga nyekundu na nyeusi aliyoolewa nayo. Kilikuwa upande mmoja tu. Mwenzake ulikwishaliwa na mchwa zamani.

Mzee Mhina akawatolea wanawe yale maneno ya darajani kama yalivyosemwa.

"Ni mimi," Semeni alisema, na machozi yalikuwa tayari yanamtoka. "Mama alikuwa ananisikia pale dirishani nikinusa. Bila mimi mngekuwa mnafua viti mpaka leo."

"Dada, pua haikuzibua mpira," Mbaruku alisema, akafungua kiganja chake. "Ulijua harufu iko wapi, na iliendelea kunuka vilevile. Siku aliyouliza kama gari ni jipya, ilikuwa baada ya mkono huu."

Shangazi mmoja, kwa wema wake, akasema kikatwe. Semeni akamwambia kisutu kikikatwa kinakuwa tambara, na marehemu hakusema wapewe matambara.

"Na wewe Zawena?" Mzee Mhina aliuliza.

Zawena alitazama mkeka. "Mimi sidai, Baba. Ila kama unaniuliza ninakitaka, ninakitaka. Yule ndiye mama niliyekuwa naye."

"Unakitaka kwa lipi?" Mbaruku aliuliza, wala hakuwa na ubaya. "Harufu ulifanya nini wewe?"

Zawena akachomoa ukindu wa mkeka. Mzee Mhina alimwona alivyoyameza maneno, akajua kwamba binti huyu atakikosa kisutu na kwenda na siri ile rohoni mpaka kaburini, wala hatamtaja. Angeweza kunyamaza naye. Semeni au Mbaruku angekichukua, na zile Jumatatu mbili zingebaki kuwa amri ya Mungu.

"Uvundo niliutengeneza mimi," alisema. Akawaeleza yote, injini na vioo na turubai, darajani na kiwiko, na maneno ya daktari. Alieleza kama dereva anavyoeleza ajali, bila kuruka kitu. "Mama yenu alikosa wiki mbili kwa ajili ya mikono yangu. Dada yenu alijua na alinisitiri."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Semeni alilia kwa sauti. Mbaruku alitoka, akasimama uani akitazama gari lililokaa juani milango wazi, kisha akarudi akakaa karibu na Zawena, karibu kuliko alivyokuwa mwanzo. Hakuna aliyesema tena kwamba kisutu ni chake. Lakini hakuna pia aliyesema kwamba si chake, na wasia wa marehemu haukai mkononi, lazima umfikie mwenyewe.

Basi mzee wa watu yuko pale, kisutu kiko mapajani, na mwenye kusema alimkusudia nani hayupo. Bila pua ya Semeni wasingejua pa kufungua. Bila mikono ya Mbaruku ukungu usingetoka. Bila subira ya Zawena ungerudi kila Jumamosi. Na aliyeombwa kuamua ndiye aliyeuleta.

Mimi nimefika hapa, sina mbele. Wewe uliyekaa kimya muda wote, nakupa kisutu ushike badala ya Mzee Mhina. Watatu wako mbele yako na wote wamefiwa. Unamkabidhi nani, na wale wawili utawaambia nini?